Tisa Kwenye Waya wa Bluu

"Mota hii kaisuka twende kilioni!"

Ndivyo alivyosema mwendesha mashine ya kusaga kule Nguvumali, mbele ya wanawake waliopanga foleni na mabeseni yao ya mchele, na foleni nzima, inayoujua ule msuko wa nywele wa harakaharaka wa kuwahi msibani, ikaangua kicheko. Mimi sikuwepo. Niliambiwa, na nilipoambiwa tu nikahisi masikio yanachemka, maana aliyeisuka ile mota ni shangazi yangu. Mimi unaweza kunitukana mpaka uchoke, nitakujibu na tutamalizana hapo hapo. Shangazi usimguse.

Shangazi ana kibanda chake hapa Makorora, anasuka mota. Za feni, za pampu, za mashine za kusaga, zile zilizoungua mpaka zikanuka. Anatoa shaba ya zamani, anasafisha, anaingiza mpya uzi kwa uzi, mgongo umeinama, redio inaimba kwaya. Babu alishuka kutoka milimani kuja kufanya kazi kwenye shamba la mkonge, akawekwa chumba cha injini, na shangazi kakulia humo, rozari shingoni, grisi mpaka kwenye viwiko. Watu wakileta mota kwa mara ya kwanza huuliza, "Fundi yupo?" Anawajibu, "Yupo, kaeni." Halafu anaendelea na kazi mpaka waelewe wenyewe.

Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaoniua mimi.

Basi, ile mota ilirudi Nguvumali ikafungwa, siku ya kwanza ikasaga vizuri. Siku ya pili ikaanza vituko. Inanguruma kama mtu mwenye mafua, inapata joto, halafu ovalodi inaruka. Ovalodi ni kile kidude kwenye stata, boksi la kuwashia mota, kinachokata umeme mota ikizidiwa. Wanaiwasha tena, inasaga kidogo, tap, imezima. Mwendesha mashine akachukua testa yake. Na testa yenyewe ni balbu kwenye holda na nyaya mbili zinaning'inia, si kingine. Mafundi wengi mji huu ndiyo wanayoiamini: balbu ikiwaka umeme upo, isipowaka haupo, elimu imeishia hapo. Ile mashine inatumia umeme wa njia tatu, akajaribu njia zote tatu, balbu ikawaka zote. Hukumu ikatoka: umeme mzima, mota mbovu, na aliyeisuka ndiye mwenye makosa.

Na wakati wenyewe! Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Watu wanavunja jungu, kila nyumba inataka unga wa mchele wa vitumbua na mikate ya kumimina, foleni inaanza alfajiri. Mwenye mashine ni bibi mmoja wa Kiarabu, mtu wa heshima zake. Familia yao ina mashine na minazi tangu enzi hizo, na wenye mashine wenzake mji mzima wanamsikiliza. Akatuma mtu na salamu: kesho asubuhi mkokoteni utakwenda kuichukua mota uirudishe Makorora. Fundi aifungue, aisuke upya. Akishindwa aseme, kazi apewe fundi mwingine.

Shangazi akamjibu aliyeleta salamu, "Mwambie bibi sawa. Nitaifungua."

Nikaruka kama nimekanyaga kaa la moto.

"Shangazi, umekosea wapi?"

"Sijui, baba." Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la babu. "Labda kuna mahali."

"Labda? Hakuna labda! Umeisuka mwenyewe, umeipima mwenyewe, imezunguka hapa mezani kimya kama maji ya mtungi!"

"Mteja akisema haisagi, haisagi. Na punguza sauti, majirani wanakunywa chai."

"Wanywe! Ukiifungua tu umeshakubali. Kesho kila mwenye mashine atasema yule mama wa Makorora anachoma mota za watu. Nani atakuletea kazi tena?"

 Shangazi akaenda kuangalia kama shaba iliyobaki itatosha kuisuka tena, na mimi nikatoka nje nikaupiga ukuta teke. Ukuta haukuwa na kosa.

Sasa nikwambie kuhusu klampu. Mimi kazi hii sikuisomea. Nimejifunza kwa kumtazama shangazi na kwa kuangalia video kwenye simu, na humo kwenye video ndimo nilimoiona mara ya kwanza: mita ya kidijitali yenye taya mbili kama gando la kaa. Hukati waya, humenyi. Unafungua taya, unaukumbatia waya mmoja kwa juu ya plastiki yake, na namba inakuja kwenye kioo: huu waya unavuta ampea kadhaa. Nilipoona fundi mmoja wa majokofu anauza vyombo vyake anahama mji, nikampa simu yangu, naye akanipa klampu. Rafiki zangu walinicheka wiki nzima. "We jamaa, umebadilisha simu na koleo?"

Tena siku ya kwanza nilidhani nimeibiwa. Nimefika nyumbani nikaibana kwenye waya wa pasi, pasi inaunguza shati kabisa, klampu inasema sifuri. Nikaipiga kofi, sifuri. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Nilipambana nayo mchana kutwa, mwisho nikachana waya mmoja wa ekstensheni nikatenganisha nyaya zake za ndani, nikabana mmoja peke yake. Namba ikaja! Hapo ndipo kichwa kilipofunguka. Ukizibana nyaya zote kwa pamoja, umeme unaokwenda na ule unaorudi unafutana, kama timu mbili zinazovuta kamba kwa nguvu sawa, kamba haiendi popote. Lazima uukamate mmoja mmoja.

Kwa hiyo asubuhi ile, kabla mkokoteni haujafika, klampu mfukoni, nikatokea Nguvumali. Nikaingia pale kama askari.

"Nani kasema shangazi yangu hajui kusuka mota? Ajitokeze!"

Wanawake wakageuka wote na mabeseni yao. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, baibui nyeusi, kikombe cha kahawa mkononi. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Mwanangu, hapa si mnadani. Nimekula chumvi nyingi na sijasikia salamu."

Nikashusha sauti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Haya, sasa gomba."

Foleni ikacheka tena, safari hii kwa ajili yangu. Nikamweleza: naomba niipime mota ikiwa inafanya kazi kabla hamjaifungua. Ikionekana mbovu nitaibeba mwenyewe begani.

Mwendesha mashine akatoka ndani, uso mweupe wa unga kama mzimu. Jamaa mrefu, mdomo wake hauna breki, na mimi wangu pia hauna.

"Upime na nini?"

Nikamwonesha.

"Hiyo? Hiyo ya kubania nguo kwenye kamba."

"Na ile balbu yako ya kusomea vitabu?"

"Balbu yangu imeshasema. Lete hicho kidude." Akaninyang'anya, akawasha mashine tupu, akaibana klampu kwenye waya mkubwa mnene unaokwenda kwenye mota, wenye nyaya zote tatu ndani yake. Akasoma kwa sauti ili foleni isikie. "Sifuri! Jamani, sifuri! Mashine inazunguka na umeme hamna. Kumbe siku zote tunasaga kwa dua!"

Mama mmoja alicheka mpaka beseni likamtoka kichwani. Mwenye mkokoteni naye alikuwa kashafika, kaegesha kivulini, akasema, "Mimi nipakie niondoke, au kuna sinema?"

"Umebana nyaya zote kwa pamoja," nikamwambia. "Zinafutana. Hata mtoto…" Nikajizuia. Bibi alikuwa ananitazama. Nikaanza upya, polepole. "Kaka, naomba nifungue boksi la stata. Nyaya zinaachana humo. Tutabana mmoja mmoja."

"Mpe nafasi," akasema bibi. "Ameshakuja, ameshasalimia."

Nikafungua. Nyaya tatu zinazoleta umeme: nyekundu, njano, bluu. Upande wa pili nyaya tatu zinazokwenda kwenye mota, na shangazi huzifungia uzi kabla hajaitoa mota: wa kwanza fundo moja, wa pili mafundo mawili, wa tatu matatu. Nikabana, nikasoma. Mashine tupu, namba zilipishana, lakini si za kumtisha mtu.

"Unaona?" akasema mwendesha mashine. "Hamna kitu. Pakia, bwana mkokoteni."

"Tupu haisemi kitu! Mtu amekaa kitako utamjuaje kama ana pumu? Mpe mzigo akimbie. Tia mchele."

 Hakuna aliyetaka mchele wake uwe wa kujaribia. Mashine ikizima katikati, nusu unga nusu chenga, na mchele ulishaoshwa ukakaushwa. Wakaanza kutazamana. Halafu mama mmoja wa vitumbua, mnene, kanga kiunoni, akasukuma wenzake akapita mbele.

"Saga wangu. Nimesimama hapa tangu jana, miguu imekuwa magunia. Lakini ukiniharibia, kijana, nitakukaanga wewe."

"Ahsante mama."

"Usinishukuru. Pima."

Mchele ukaingia kwenye mdomo wa mashine. Mota ikaanza kunguruma ule mguno wake wa mafua. Nikabana nyekundu: ishirini na saba. Kibati cha mota kinasema isizidi ishirini. Nikabana njano: ishirini na sita. Nikabana bluu.

Tisa.

Tap. Ovalodi ikaruka, mashine ikazima, mchele wa mama wa vitumbua ukabaki kooni mwa mashine.

"Kiasi gani ile ya mwisho?" akauliza bibi.

Sikutaka kusema. Nikasema. "Tisa."

Mwendesha mashine akapiga makofi, unga ukaruka. "Haya! Kwa mdomo wako mwenyewe! Njia mbili zinavuta, moja imelala. Kule ndani kuna koili mbovu. Si nilisema? Twende kilioni!"

 Nakwambia kweli, alichosema kinawezekana. Koili moja ikisukwa vibaya, namba zinaweza kuja hivyo hivyo. Nimekuja kumtetea shangazi, nimeleta mita kwa miguu yangu, na mita imesimama mbele ya watu wote ikashika upande wa adui. Angekuwa mwingine angefunga boksi akaondoka. Mimi nikasimama nikiutazama ule waya wa bluu kama umenitukania mama.

Halafu nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Tisa iko kwenye bluu, sawa. Lakini bluu imeshikana na waya wa mota wenye mafundo matatu. Ugonjwa ni wa nani kati ya hao wawili? Hatujui! Wameshikana mikono, mmoja ana homa, sisi tunamlaumu mgeni kwa sababu ndiye aliyeingia mwisho.

"Bibi," nikasema, "naomba kitu kimoja tu. Tuzime kabisa kule kwenye meinswichi, nihamishe nyaya za mota, kila mmoja nafasi moja. Wa mafundo matatu uliokuwa kwenye bluu uende kwenye nyekundu, na nyingine zisogee vivyo hivyo. Mota itazunguka upande ule ule, haitadhurika. Halafu tupime tena. Tisa ikihama na mafundo matatu ikaenda kwenye nyekundu, basi mota ni mbovu, shangazi yangu kakosea, na nitasema hapa hapa kwa sauti yangu. Tisa ikibaki kwenye bluu, mota haina kosa. Kosa liko kwenye umeme unaoingia humu."

Bibi akaweka kikombe chini. "Rudia."

Nikarudia. Mama wa vitumbua ndiye aliyeelewa wa kwanza. "Yaani mnawabadilisha wanaume muone ugomvi utabaki nyumba gani."

"Ndiyo, mama! Ndiyo hiyo hiyo!"

"Basi wabadilishe, mchele wangu uko kooni."

Mwendesha mashine alikwenda kuzima meinswichi mwenyewe, anatabasamu, ana uhakika. Mimi spana ilikuwa inaniteleza kila mara. Si kwamba nilikuwa naogopa umeme. Nilikuwa namwona shangazi kule kibandani, anaandaa shaba, anajiandaa kukubali kosa. Mafundo matatu yakisaliti, basi mimi ndiye niliyemleta shahidi wa kummaliza. Nikakaza boliti, nikafuta jasho.

"Washa."

Mota ikanguruma, upande ule ule. Mchele ukashuka. Foleni yote ilikuwa imejaa mlangoni, hata mwenye mkokoteni kaacha chapati yake. Nikabana nyekundu, ambayo sasa ndiyo yenye mafundo matatu.

"Soma kwa sauti!" akasema mama wa vitumbua.

"Ishirini na sita!"

Njano.

"Ishirini na saba!"

Bluu. Nilifunga macho, wallahi, nikayafungua.

"Tisa! Tisa iko kwenye bluu! Haijahama! Haijahama, jamani!"

Tap, ikazima, na hakuna aliyejali. Wanawake waliruka, mmoja alipiga kigelegele ambacho sidhani kama alielewa ni cha nini. Mwendesha mashine alikuja akaitazama klampu mwenyewe, akatazama mafundo, akatazama bluu. 

"Tuifuate," nikasema. "Tuifuate bluu mpaka kwao."

Tukaifuata kutoka kwenye stata, ukutani, mpaka kwenye lile boksi kuukuu la meinswichi. Tukazima, tukavuta fyuzi za njia tatu. Mbili safi. Ile ya bluu ilikuwa nyeusi, meno yake yamelegea, na katikati kumekunjwa kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kimeungua.

Kila mtu akamtazama mwendesha mashine. Akajikuna kichwa, unga ukamwagika.

"Ilikuwa inacheza," akasema. "Nikaibana kidogo ishike."

"Sasa balbu ilikuwa inawaka vipi?" akauliza bibi.

"Balbu inakunywa kidogo, bibi," nikamwambia. "Kupitia karatasi ya sigara inapata ya kuitosha. Mota inakunywa kwa ndoo. Ikifika pale inabanwa koo, njia mbili zilizobaki zinabeba mzigo wa zote tatu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia yule bwana. Nilikuwa nimeyapanga tangu Makorora, yote makali. Lakini yeye mwenyewe alikwenda duka la vifaa akarudi mbio na fyuzi mpya na kishikio chake, akanishikia tochi nikifunga, na alipoona nimekaza nusu akasema, "Kaza tena, kaka, isije ikacheza." Ukishashikiwa tochi na mtu, matusi hayatoki vizuri. Nikabaki nayo.

Tukawasha. Lo! Ule mguno ukaondoka. Mashine ikaimba sauti moja iliyonyooka, mchele unaingia, unga unatoka mweupe laini, na nikapita waya mmoja mmoja na taya zangu nikipiga kelele kama kondakta: nyekundu kumi na nane! Njano kumi na nane! Bluu kumi na nane na nusu! Mama wa vitumbua akachota unga wake kidogo akasugua kati ya vidole, akatikisa kichwa akakubali.

Bibi akatoa simu yake. Akampigia shangazi, na akaweka sauti ya nje, makusudi, foleni isikie.

"Fundi, habari za asubuhi."

"Nzuri bibi. Mkokoteni haujafika bado, lakini mimi niko tayari. Nimeshaweka shaba."

"Iondoe. Mota yako nzima. Kosa lilikuwa kwangu, kwenye fyuzi. Nimelisema mbele ya watu, na nitawaambia wenzangu wenye mashine. Usifungue hata uzi mmoja."

 Kwenye simu tukasikia kwaya ya redio kwa mbali.

"Nani kakuonesha, bibi?"

"Kuna mtoto wako hapa, anapiga makelele."

"Ah. Kasalimia lakini?"

"Mara ya pili."

Foleni ikacheka na mimi nikacheka nayo. Wanawake wakaanza kuulizana kibanda cha huyo mama kiko Makorora upande gani, mmoja ana blenda, mwingine pampu ya kisima imekufa tangu masika. Nikawaelekeza kwa mikono yote miwili.

Nilirudi kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nampa habari kila ninayemjua na wengine nisiowajua. Nilipofika, kibandani palikuwa na mteja, mwanaume mgeni na feni yake ya mezani. Alikuwa ameshauliza lile swali lao, fundi yupo. Nikasimama nje nisikie shangazi atamwambia akae.

Hakumwambia akae. Alinyoosha mgongo, akafuta mikono kwenye kitambaa, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, majirani wote waliisikia na chai zao:

"Fundi ni mimi. Ile mota ya Nguvumali inayowasagia mji mzima mchele wa Ramadhani, nimeisuka mimi. Lete feni yako."